Kiolezo Kilichoogeshwa Mara Mbili

Mashine pepe ni kompyuta isiyo na mwili. Inaishi ndani ya kompyuta kubwa pamoja na wenzake, kama wapangaji, na kila mpangaji anaamini nyumba nzima ni yake. Nilimweleza mama hivyo nilipopata kazi hii, akaniuliza kama na kazi yenyewe ni pepe.

Kazi ilikuwa ya kweli, ila ya majaribio. Miezi mitatu. Jumatatu ninayoisimulia ndiyo ilikuwa siku ya mwisho, na saa nane mchana bosi angeniambia kama nabaki au nakusanya vikombe vyangu. Bosi tulimwita Bi Orodha, kwa siri ambayo nina hakika aliijua. Kila jambo kwake lina orodha. Nasikia hata likizo anaenda nayo mfukoni.

Orodha iliyoogopwa kuliko zote ilibandikwa ukutani kando ya kiyoyozi: mistari kumi na mitatu ya kuogesha kiolezo. Tulikuwa na maktaba kumi na mbili, na kila moja ilitakiwa kupata seva yake ya kuazimishia vitabu. Hutengenezi seva kumi na mbili, utazeeka. Unatengeneza mashine moja vizuri, unaifunga iwe kiolezo, halafu unatoa nakala. Ila kabla ya kuifunga unaiogesha: unafuta jina lake, namba yake ya kitambulisho, funguo zake za siri na kumbukumbu za yote iliyoyafanya, ili kila nakala ikiamka ijitengenezee vya kwake. Na pale kwetu hakuna kuogesha peke yako. Mmoja anasoma mstari kwa sauti na kuutekeleza, mwingine anaweka alama.

Ijumaa nilisoma mimi, Mjomba akaweka alama. Huyu ni mjomba wa kweli, mdogo wake mama, mtunza chumba cha mitambo kwa miaka kumi na tisa. Ndiye aliyeniombea kazi, kwa maneno haya: kijana ana akili, mdomo tu ndio haujui kupumzika. Tulipomaliza nikaizima mashine, safi kama sahani ya mgeni. Hapo Mjomba akalalamika kwamba ameweka alama kumi na tatu bila kuona hata moja, maana miwani aliisahau kwenye koti. Akaifuata, akaivaa, akataka aone huo usafi wenyewe.

Basi nikaiwasha. Kidogo tu, ajionee. Akachungulia kioo cha kompyuta, kumbukumbu tupu, jina hakuna, akasema mbona ni kama haijawahi kuishi. Nikavimba kichwa. Nikaizima, nikaifunga iwe kiolezo, nikaenda nyumbani nikipiga mluzi.

Jumatatu saa tatu nikaamsha nakala ya kwanza. Nzuri. Ya pili, nzuri pia, ila ya kwanza ikatoweka kwenye mtandao. Nikaizima na kuiwasha ile ya kwanza, ikarudi, ya pili ikapotea. Nilikagua waya. Nililaumu swichi. Nilimlaumu fundi wa mtandao, ambaye alikuwa likizo na kwa hiyo ndiye mtu rahisi kuliko wote kumlaumu. Mwishoni nikafungua nakala zote mbili na kuweka namba zao za kitambulisho sambamba. Herufi thelathini na mbili, na zote zilifanana.

Nikakaa chini, ingawa nilikuwa nimekaa tayari. Mashine iliyoogeshwa, ukiiwasha tu, inajitengenezea kitambulisho kipya papo hapo. Niliiwasha Ijumaa kwa ajili ya maonyesho, ikajipa kitambulisho, nami nikaifunga nacho. Ni kama kumwogesha mtoto apigwe picha, halafu unamruhusu akacheze kwanza. Sasa kila nakala ilikuja na kitambulisho kile kile, na mtandao, ukidhani ni mashine moja, ukazipa zote anwani moja. Watu kumi na wawili, kiti kimoja.

Dawa ya haraka ilikuwepo: kufuta kitambulisho kwenye kila nakala kwa mkono. Dakika kumi kwa moja, na hadi saa nane ningekuwa nimemaliza, hakuna wa kujua. Nikarekebisha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mjomba alikuwa akifuta vumbi kwenye kabati la mitambo nyuma yangu, na nilishamweleza kisa chote kwa sababu, kama alivyosema, mdomo wangu haupumziki. Nilipoanza ya nne akauliza maktaba ya kumi na tatu ikifunguliwa mwakani, nakala yake itatoka wapi.

Nikasema, kwenye kiolezo.

"Hicho hicho kichafu," akasema. "Wewe mwakani unaweza usiwepo, mpwa wangu. Mimi nitakuwepo."

Nikamfuata bosi. Alikuwa anamenya chungwa juu ya barua, na nilihisi ile barua inanihusu. Nikamweleza yote, pamoja na zile tatu nilizozirekebisha kimyakimya. Hakupandisha sauti. Akafuta vidole, akaniambia nifute nakala zote, hata hizo tatu, nifungue kiolezo, tuanze upya. Akaja mwenyewe na kalamu. Nikasoma mistari kumi na mitatu kwa sauti ambayo mama asingeitambua, yeye akaweka alama. Mashine ikazimwa, ikafungwa iwe kiolezo. Hakuna aliyeigusa tena.

Saa nane kasorobo nakala kumi na mbili zilikuwa hewani, kila moja na anwani yake. Nilizihesabu mara mbili. Mjomba akazihesabu ya tatu, na miwani.

Bosi akaenda kwenye orodha ukutani, akaandika chini kabisa: 14. Ikishaoga, haiwashwi. Kisha akanigeukia.

"Majaribio yako nayaongeza mwezi mmoja."

Nikasema ndiyo bosi, na kwamba kosa lilikuwa kubwa.

"Kosa ni mstari wa kumi na nne, limekwisha. Mwezi ni wa zile tatu ulizonificha."

Akaondoka na chungwa lake. Nikapiga hesabu, nakala tatu kwa mwezi mmoja, kila moja siku kumi. Kumbe hata adhabu huyu mama anaigawa kwa orodha. Lakini nilikuwa bado na kiti, na vikombe vyangu vilikuwa bado mezani.

Mjomba akavuta stuli karibu na kioo, akanong'ona kwamba safari hii hakuuona ule usafi vizuri, alikuwa nyuma ya bosi. Nimwashie kidogo tu.

Nikamwambia akaangalie nakala, ziko kumi na mbili.