Ubeti wa Mama Kengele

Mimi si mtu wa kununa. Nikikasirika nasema, na nikishasema yamekwisha. Mwanangu wa kike analijua hilo tangu hajaota meno, na ndiyo maana mpaka leo sielewi kwa nini hakuniambia.

Jina la Mama Kengele nilipewa kwayani zamani, kwa sababu nikipanda juu sauti yangu ilikuwa inalia wazi, haitafuti njia. Niliongoza sauti ya kwanza miaka mingi. Mwaka jana nikavimba tezi shingoni, wakanipasua. Nilipozinduka nikataka kumwomba muuguzi maji, kikatoka kitu kama bawaba isiyotiwa mafuta. Daktari akasema ningoje. Nikangoja. Kuongea kulirudi kwanza, na nyumbani wapo waliosikitika. Kuimba kukaja nyuma, polepole, kwa noti za chini. Zile za juu nilikuwa nazingojea bado, lakini nilikuwa na uhakika zinakuja.

Karibu na hospitali kubwa ipo nyumba wanamokaa watoto wanaotibiwa saratani, wale ambao kwao ni mbali. Kila Jumapili mchana naenda kuwaimbia. Baada ya kupasuliwa walinipenda zaidi, kwa sababu wenye makovu tunajuana. Kuna binti mmoja pale, kichwa kimepukutika nywele zote na ulimi mkali kuliko wangu. Tunamwita Hakimu, maana hakuna jambo linalopita mbele yake bila yeye kulitolea hukumu. Alinigusa kovu kwa kidole akaniuliza, "Na sauti yako waliitoa wakaitupa?"

"Haikutupwa. Inarudi."

"Yote?"

"Yote."

"Tutaona," akasema.

Niliondoka pale nimejipa deni. Watoto wale wanaambiwa kila siku kwamba nywele zitarudi, nguvu zitarudi, na shule itawangoja. Watu wazima wanawaambia hayo huku wameangalia pembeni. Mimi nilitaka waone kitu kimoja kilichorudi kweli.

Basi likaja lile tamasha. Kwaya mbili ambazo kwa kawaida hazisalimiani vizuri, pamoja na bendi moja ya dansi, zilikubaliana kuimba pamoja ili ile nyumba iongezewe vyumba, kwa sababu watoto walikuwa wanalala wawili wawili. Kiongozi wa yote alikuwa Kijiti. Tunamwita hivyo kwa ajili ya kile kijiti anachoongozea, hawezi hata kuagiza chai bila kukitikisa. Nilimfundisha mimi. Alikuja kwayani mtoto wa kamasi, hajui noti inakaa wapi, nikamshika mkono. Siku moja alikuja nyumbani, akakaa kwenye ukingo wa kochi kama anayekuja kuposa.

"Mama," akasema, "ule wimbo wa kufungia, ubeti wa pili ni wa mtu mmoja. Ni wako. Bila wewe wimbo hauna roho."

"Juu bado sijafika, Kijiti. Nisikudanganye."

"Utafika. Hilo niachie mimi."

Mwanangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kikombe mkononi. Aliangalia chini. Nilidhani ameguswa.

Jumapili iliyofuata nikamwambia Hakimu kwamba nitaimba peke yangu, ukumbi mzima, na wao watakaa mstari wa mbele. Akasema atakuja kama homa haijampanda. Nikamwambia homa haikualikwa.

Mazoezi yalifanyika kwenye bwalo la shule moja, viti vimepandishwa juu ya meza. Watu wa bendi walikuwa wanachelewa, watu wa kwaya wanaguna, na mpiga ngoma, akiambiwa apunguze, anafikiri anasifiwa. Mpiga gitaa wao, mtu mzima anayeitwa Mzee Nyuzi, alikuwa ndiye pekee asiyegombana na mtu. Anapiga, anatabasamu, anakwenda zake nyumbani. Nilikuwa na furaha sana siku zile. Kila tukifika ubeti wa pili, Kijiti anasimamisha watu. "Hapa Mama apumzike. Ahifadhi sauti kwa siku yenyewe." Wanapita ubeti ule kwa mvumo tu, midomo imefungwa, na rafiki yangu wa sauti ya pili ananiletea maji ya uvuguvugu yenye asali. Nikikohoa, watu watatu wanageuka. Walinibeba kama yai. Na mimi, mtu mzima niliyezoea kusema ovyo kuhusu wengine, sikujiuliza kwa nini yai halijaribiwi hata mara moja kama ni zima.

Kilikuwa kilemba cha ukoka, na mimi nilikivaa nikajitazama kwenye kioo.

Nyumbani sasa. Mwanangu anafanya kazi kwenye duka la dawa. Sauti yangu anayo, tena bila kuiomba, lakini kwaya hakutaka kamwe, alisema ni ya watu wenye nafasi. Wiki zile nikaanza kumsikia bafuni akiimba ubeti wangu. Moyo ukanijaa. Nikadhani mtoto anafanya mazoezi pamoja na mama yake, kila mtu na ukuta wake. Nikawa namsahihisha kupitia mlango.

"Usivute pumzi hapo! Vuta kabla ya neno 'mikono'."

"Sawa, mama."

"Na 'midogo' usiibane. Iache ipande yenyewe."

Maji yanafungwa, anarudia, safari hii sawasawa. Nilisimama pale kwenye korido na taulo begani, namfundisha. Kila nilichokijua kuhusu ubeti ule nilimpa, kipande kwa kipande, kupitia mlango wa bafu.

Asubuhi ya tamasha nikamuuliza atakaa upande gani nimtazame. Akasema ana zamu dukani, mwenzake anaumwa. Nikamwambia wakubwa wake hawana utu. Akasema, "Ndivyo kazi ilivyo, mama," akanifunga vifungo vya mgongoni vya gauni la kwaya, akanibusu shavuni. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

Ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi. Kamera za televisheni zilikuwa zimesimama pande zote mbili, na watoto wangu mstari wa mbele na kofia zao na barakoa zao, Hakimu katikati, amekunja mikono. Fundi mitambo alinipa maikrofoni mpya inayong'aa, akanionyesha spika ndogo miguuni pangu. "Hapa ndipo utakapojisikiliza, mama," akasema, akaondoka haraka bila kuniangalia machoni.

Ubeti wa kwanza ukaimbwa na wote. Ulipofika wangu nikasogea mbele, nikafungua mdomo.

Nataka niliseme hili kama lilivyokuwa. Mstari wa kwanza niliamini. Sauti ilitoka kwenye spika ile safi, nyepesi, ya miaka ile, na mimi nikafikiri imerudi. Yote. Nikamtazama Hakimu, naye akakunjua mikono. Machozi yakanijaa, na kwa ajili ya machozi nikachelewa kuvuta pumzi kabla ya "mikono".

Sauti haikunisubiri.

Ilivuta pumzi yake mahali pale pale nilipofundisha mimi, ikaingia kwenye neno, na mimi mdomo wangu ulikuwa umefungwa. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Kuna mama asiyejua mwanawe akivuta pumzi? Nikageuka kidogo, nikaona rafiki yangu wa sauti ya pili ananitazama kwa macho ya kuomba, midomo yake inasema endelea, endelea. Nikawaangalia wengine. Walijua. Mistari yote ya magauni yale, kwaya yangu na kwaya ile nyingine tusiyosalimiana nayo, wote walikuwa wanajua, na kwa hili moja walikuwa wamepatana.

Nikateremsha maikrofoni mpaka pajani.

Sauti ikaendelea kupanda. Nyuma ya ukumbi mtu akacheka, mwingine akapiga mluzi. Kule alikokuwa, nyuma ya pazia, mwanangu hakuwa ananiona. Aliimba "midogo" bila kuibana, ikapanda yenyewe, na Mungu anisamehe, ilikuwa nzuri. Hata mimi katika ubora wangu sijui kama niliifikisha pale. Kisha minong'ono ikamfikia, akakatika katikati ya neno.

Bendi ilibaki inazunguka. Mzee Nyuzi peke yake ndiye hakuwa ameambiwa kitu, yeye alidhani nimesahau maneno. Akanitikisia kichwa kwa upole, akanipigia mwanzo wa ubeti tena. Fundi mitambo, kwa hofu tu nadhani, akaifungua maikrofoni yangu. Nikasikia pumzi zangu kwenye spika.

Nikaimba. Chini nilikwenda vizuri. Nilipofika "midogo" nikaiacha ipande yenyewe, kama nilivyofundisha, na haikupanda. Ilipasuka. Nilisikia inapasuka ukumbi mzima, na kabla sijaokota hata kipande, Kijiti akainua mikono yote miwili, kwaya zote na bendi wakaingia kwa kiitikio kwa nguvu ambayo hawakuwahi kuionyesha kwenye mazoezi. Wakanifunika. Nilisimama pale naimba, sijisikii hata mwenyewe.

Mshereheshaji akasema palikuwa na hitilafu ya mitambo, tumpigie makofi Mama Kengele. Watu wakasimama kunipigia makofi. Katika yote ya siku ile, hayo makofi ndiyo siwezi kuyasahau.

Nyuma ya jukwaa Kijiti alinifuata na kijiti chake bado mkononi. "Mama, tusameheane. Kamera zilikuwa hewani moja kwa moja. Ilikuwa kwa ajili ya watoto."

"Watoto gani? Wale walionitazama?"

"Kukutoa tuliona ni kukuvunja moyo. Na watu wanakuja kukuona wewe."

"Kwa hiyo mlitaka uso."

Akakitazama kijiti chake. Nilimfundisha kuimba, kujibu nilisahau kumfundisha.

Watoto walikuwa wanapitishwa koridoni kwenda kwenye gari lao. Hakimu akamponyoka mlezi, akaja kusimama mbele yangu. Alishusha barakoa ili anisemeshe vizuri.

"Aliyekuwa anaimba mwanzo ni nani?"

"Mwanangu."

"Anaimba vizuri."

"Najua."

Akalitazama kovu langu, kisha akanitazama mimi. "Ulituambia inarudi yote," akasema. Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali. Mlezi akaja akamshika bega, akampandisha barakoa, wakaenda.

Mwanangu nilimkuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo, amekaa juu ya sanduku la vyombo vya bendi, bado na sare ya duka la dawa. Alikuwa ameivaa asubuhi ili niamini zamu yake. Aliponiona akasimama.

"Mama, walikuja kuniomba. Mara ya kwanza nilikataa."

"Na mara ya pili?"

"Mara ya pili wakanisikilizisha. Walikurekodi mazoezini ukijaribu peke yako, kule nyuma karibu na vyoo. Ulidhani hakuna mtu. Mama, ilikuwa inapasuka kila mara. Kila mara pale pale."

"Mimi nilikuwa nasikia inakaribia."

"Najua ulikuwa unasikia hivyo."

Upande wa pili wa ukuta watu wa kwaya mbili walikuwa wanacheka pamoja, wanapongezana. Tamasha lilikuwa limefanikiwa. Vyumba vitajengwa, na mimi nitafurahi vikijengwa, mtu asije akasema sikufurahi.

"Nilikufundisha kupitia mlango," nikasema. "Ukaniitikia sawa mama, sawa mama."

Akaanza kulia. "Nilitaka kukwambia. Kila siku nikifungua mlango nasema leo. Nakukuta umesimama pale na taulo, unacheka. Niliogopa utalia."

"Ningelia," nikasema. "Ningelia nyumbani kwangu, siku mbili tatu, ningekutukana wewe na Kijiti na aliyekuzaa, halafu ningejifuta uso, ningekwenda kuwaambia wale watoto kwamba sauti haikurudi. Kwamba vingine havirudi na mtu anabaki bado ni mtu, anakuja Jumapili, anawaimbia na hicho kilichobaki. Wale wangenielewa. Hakuna watu duniani ambao wangenielewa kama wale. Hilo ndilo mlilonichukulia. Ubeti ungeuchukua tu, ni wako."

Alinyoosha mkono kutaka kunishika. Nikarudi nyuma hatua moja, na yeye akaona kwamba nimerudi.

"Nitakwenda kuwaambia mimi," akasema. "Nitawaeleza kwamba ni sisi, wewe hukujua."

"Watakuuliza kama imerudi. Utasema nini?"

Huko nje gari la watoto lilikuwa limeshawashwa, mtu anahesabu majina. Mwanangu alibaki amesimama katikati ya chumba na mkono wake bado uko mbele, na mimi nikafungua mlango nikatoka kuliwahi gari.