Mtandio wa Chini ya Kaunta

Haya, wewe unayenisikiliza, tegua hiki: nyumba yangu ina vitanda visivyolaliwa, sufuria zisizopikiwa na viatu visivyokanyaga tope. Nyumba gani? Ukishindwa nipe mji, hata Osh yenyewe naipokea.

Ni duka letu la ghorofa tatu, pale mtaani kwetu Osh. Mimi nilikuwa kwenye vifungo na nyuzi. Jirani yangu Burulcha kwenye mitandio. Ngazi zilikuwa zimelika katikati kama sabuni, lifti ilikufa zamani, lakini ndani palinukia sufu na manukato, na theluji ikianguka wanawake waliingia kupasha miguu moto, wakijifanya wanauliza bei. Tuliwaacha. Birika langu la chai lilikuwa halipoi.

Enzi zile kitu kizuri hakikukaa juu ya kaunta. Ukimpenda mtu, ulimwekea chini mpaka aje. Burulcha alikuwa na mtandio mmoja wa hariri nyeupe huko chini, tangu tukiwa wasichana. Mama wakwe waliotafuta mtandio mweupe wa kumfunga bibi harusi kichwani, kama kwetu mkwe anavyompokea mke wa mwanawe, walimbembeleza weee. "Una mwenyewe," alisema. Wa nani? Hata mimi niliuliza nikachoka.

Kisha jengo likauzwa. Tukaambiwa tuhamie vibanda vya soko jipya, nikamshikia kimoja kando ya changu.

"Sihami mpaka mwenyewe aje," akasema. "Atanipata wapi?"

"Burulcha, hata panya wamehama."

"Panya hawakuachiwa kitu cha mtu."

Siku ya mwisho mafundi waking'oa rafu, bibi mmoja akapanda ngazi polepole, ameshikwa mkono na mjukuu wake wa kike. Joho la mahameli, meno ya dhahabu. Burulcha alipomwona, aliacha kukunja nguo.

"Binti, nitafutie mtandio mweupe. Mjukuu wangu wa kiume, kaka wa huyu, anaoa. Baba yake alipooa, wa mkewe niliununua mji mkuu, nikajuta. Mzito kama blanketi."

"Mkamwana wako hakulalamika?"

"Alalamike nini? Binti wa mkurugenzi yule. Kumpata ilikuwa bahati yetu." Bibi akacheka, akamwegemea mjukuu.

Burulcha akainama. Akautoa ule wa chini, akautandaza mbele yake. Kwenye mikunjo hariri ilikuwa imeshageuka manjano.

Bibi akaupapasa, akakunja pua. "Hariri nzuri, lakini mmeiozesha. Muuzaji gani anaacha kitu kama hiki mpaka kinazeeka? Ulikuwa wa nani?"

Burulcha akamtazama usoni, akamtazama, mpaka mimi niliyesimama pembeni nikaona haya. Bibi alikuwa anatafuta miwani yake mfukoni.

"Ni wako, mama," akasema Burulcha. "Uliupima kwenye kichwa changu, ukasema nikuwekee mpaka siku ya kunifunga."