Weka Zero

Kama si kuandika wasia, Mwalimu Hamida angefika Makka. Babu zake wote hapa Mumias walikufa bila wasia na dunia haikusimama. Lakini wapi! Mwalimu ni mwalimu hata akistaafu. Kiongozi wa msafara wa haji aliwaambia mahujaji wake mambo matatu: waombe radhi kwa watu, walipe madeni, waandike wasia. Wengine waliitikia "inshallah" wakaenda zao kunywa chai. Hamida alienda dukani kununua daftari mbili na kalamu.

Radhi aliimaliza kwa wiki mbili. Alizunguka mtaa mzima na magoti yake mabovu, akamwomba radhi wifi yake, akamwomba radhi muuza dagaa waliyewahi kutupiana maneno, akamwomba radhi hata mwanamume mmoja mwenye mvi aliyewahi kuchapwa naye bure alipokuwa mwanafunzi wake wa darasa la tatu. Yule mwanamume alicheka mpaka akakaa chini. "Mwalimu, mimi nilishasahau, lakini nikikuona bado natafutanga pa kujificha!" Kila aliyesamehe alimpa jina la kulipeleka Makka likaombewe dua. Huyu anataka mtoto, yule mguu wake haupoi, mwingine mwanawe yuko Saudia na simu haishikwi. Hamida aliyaandika yote kwenye daftari ya kwanza kwa mwandiko wake wa ubaoni, moja mpaka mia moja arobaini na tatu. Nambari moja ilikuwa ya marehemu mumewe, Abu, aliyekufa akiwa bado anaweka pesa za safari hiyo hiyo.

Pesa zenyewe zilikuwa laki saba na elfu tisini, mavuno ya miaka kumi na minne. Zilitakiwa zilipwe zote kufikia Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na asiyelipa nafasi yake anapewa mwingine, maana foleni ni ndefu. Hamida alikuwa na miaka sitini na saba. Alijua vizuri kwamba hii ndiyo mara yake, na baada ya hii hakuna nyingine.

Basi akafungua daftari ya pili, akaandika: Mali yangu. Nyumba ya kuishi. Ploti ya vyumba kumi vya kupangisha, niliyoijenga kwa pesa za kustaafu. Akaenda kutafuta karatasi za ploti kwenye sanduku la bati, na chini ya hati akakuta bahasha ya Tyson wa saiba, kijana anayewajazia watu fomu za serikali kwenye kompyuta. Ndani mlikuwa na karatasi sita za ritani, taarifa za mapato za kila mwaka kwa ofisi ya ushuru, za miaka sita, na kila moja ilisema jambo moja: mapato, zero.

Alizisoma mara mbili. Kila mwezi wa sita alikuwa akienda kwa Tyson, anapanga foleni, na Tyson anamuuliza, "Mwalimu, kuna pesa yoyote imeingia?" Naye anamjibu, "Pesa gani tena, mwanangu? Mimi si nimestaafu? Weka zero." Hakuwa anadanganya, wallahi. Kwake yeye pesa ni mshahara. Kodi za vyumba zilikuwa unga, zilikuwa paa, zilikuwa karo ya wajukuu. Zilikuja na kuondoka, na hakuwahi kufikiri kuna mtu mwingine anazihesabu. Sasa kalamu ilikuwa mkononi, na chini ya Mali yangu alikuwa ameshaandika: Madeni yangu. Akakaa akiitazama nafasi ile nyeupe.

Asubuhi alimwendea Asiya, shoga yake wa tangu utotoni. Asiya alikuwa katika msafara huo huo, na yeye pia ana vyumba vya kupangisha, kumi na vinane, karibu na soko. Alimsikiliza huku akichambua mboga, kisha akaziweka chini.

"Hamida, una wazimu? Serikali inakujua?"

"Haijui."

"Basi wewe unaitafutia nini? Usimwamshe aliyelala, utalala wewe!"

"Lakini nimewafundisha watoto wa madrasa miaka ishirini, Asiya. Huendi haji na deni shingoni ukijua lipo."

"Ungekuwa hujui."

"Sasa najua."

Asiya alisonya. "Mimi kichwa changu hakishiki mambo," alisema. "Hata hili ulilosema nishalisahau." Akarudi kwenye mboga zake.

Hamida alienda kwa Tyson. Hesabu aliyoipiga njiani ilikuwa ya mtu mwema: labda elfu thelathini, arobaini ikizidi sana, atauza kuku wake wote na yule mbuzi, na safari itabaki pale pale. Tyson aliposikia alichotumwa alivua kofia.

"Mwalimu, nakuomba. Hii kitu ukiifungua haifungikangi."

"Tyson, nani alikufundisha kusoma?"

"Ni wewe."

"Basi soma, urekebishe. Mwaka baada ya mwaka. Weka ukweli."

Akaweka. Ilimchukua saa mbili, na kila mwaka aliouandika upya ulitoa ushuru wake, na kila mwezi ndani ya mwaka ulitoa faini ya kuchelewa, na juu ya faini ikaja riba. Mwishoni Tyson alikigeuza kioo cha kompyuta polepole ili mwalimu wake aone mwenyewe. Laki tano na elfu tatu. Hamida alitafuta kiti, na hapo ndipo alipoliona tangazo lililobandikwa ukutani, pembe moja imebanduka, lile ambalo huwa analiegemea akisubiri foleni. Kichwa chake kilisema: Msamaha wa faini na riba. Hakuwa na miwani ya kusoma yaliyobaki.

Kesho yake alikuwa Kakamega mjini, kwenye ofisi ya ushuru, mbele ya dada mmoja mdogo aliyeitwa Jepchirchir. Huyu hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililomuumiza Hamida zaidi, maana alikuja tayari kugombana. Jepchirchir alimvutia kiti, akamletea maji, akazipitia hesabu moja moja. Zilikuwa sawa.

"Lakini riba, mwanangu?" Hamida alisema. "Mimi sijawahi kula riba maisha yangu yote, leo niilipe?"

"Pole, mama. Kulikuwa na msamaha. Ungelipa ushuru wenyewe peke yake, haya mengine yote yangefutwa."

"Ulikuwa lini?"

"Uliisha mwaka jana, mwezi wa sita."

Mwezi wa sita! Mwezi wa sita alikuwa ameliegemea tangazo lenyewe kwa mgongo wake, akisubiri kuweka zero. Hamida alifunga macho.

"Naweza kulipa kidogo kidogo?"

"Unaweza kuomba. Unaandika barua, inaenda juu. Jibu linachukua mwezi, mwezi na nusu hivi."

"Mimi pesa ya haji inatakiwa Ijumaa."

Jepchirchir alizirudisha karatasi za hesabu mezani.

"Na nikisema nilikosea? Nikirudisha zile zero?"

"Mama, ukishatuma, imetumwa." Alimshika mkono juu ya meza. "Kwani nani alikuambia uje?"

Swali hilo Hamida alirudi nalo mpaka nyumbani. Ukweli ni kwamba hakuna aliyemwambia. Kwa siku nne hakula kitu cha maana. Angeweza kulipia haji Ijumaa na deni akaliacha likimsubiri, nani angemzuia? Kila alipofika hapo aliziona nyuso za watoto wa madrasa, mikono juu, wakimjibu kwa sauti moja: deni kwanza, mwalimu! Alitamani angewafundisha hesabu tu. Alilia kwa hasira, akamlaumu Tyson, akamlaumu Abu kwa kufa na kumwachia hesabu, akamlaumu Asiya kwa sababu alikuwa amesema kweli. Alhamisi, saa nne asubuhi, alilipa deni la ushuru.

Ilichukua dakika moja. Miaka kumi na minne, dakika moja! Ijumaa kiongozi wa msafara alipiga simu, akasikitika sana, akasema Mungu anajua nia. Jumamosi nafasi ilikuwa ya mtu wa Matungu. Tyson alimletea karatasi ya serikali inayothibitisha kwamba Hamida hadaiwi hata senti, na alikuwa ameitia plastiki bila kumtoza. Hamida aliiweka ndani ya wasia wake, akaandika chini ya Madeni yangu: Hakuna. Zilibaki laki mbili na kitu, na bei ya haji huwa haishuki.

Siku ya kuondoka, Asiya alikuja kumuomba radhi kama desturi inavyotaka. Alikuwa amevaa nyeupe, amependeza, ananukia udi. Gari lilimngoja barabarani.

"Asalaam aleikum, Hamida. Kama nimewahi kukukosea, kwa kujua au kwa kutojua, naomba unisamehe."

"Nimekusamehe, dada."

Asiya hakuondoka. Aliangalia mlango, akasogea karibu. "Kule ofisini... hukunitaja?"

"Sikukutaja."

"Alhamdulillahi!" Asiya alimkumbatia mpaka kilemba kikamlegea. Alikuwa akilia, masikini, kwa furaha ya kweli kabisa.

Hamida alimpa daftari ya majina. Asiya alizifungua kurasa, akatikisa kichwa. "Yote haya! Unanijua kichwa changu. Lakini aliyeandikwa humu nitamsomea, mbele ya Kaaba, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Nakuahidi." Akaitia kwenye mkoba, akatoka mbio, maana honi ilikuwa inapigwa.

Hamida alirudi ndani akakusanya vikombe. Alikuwa ameinamia karai, anaosha kikombe cha pili, akiyarudia majina kimoyomoyo kama alivyozoea: Abu wa kwanza, wifi yake wa pili, muuza dagaa wa tatu. Alifika mwisho, akasimama wima. Katika majina yote mia moja arobaini na tatu, lake halikuwamo. Hakuwa amejiandika, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anaenda.

Alitoka na sabuni mikononi, bila viatu, akakimbia kadiri magoti yalivyomruhusu mpaka barabarani. Gari lilikuwa limeshakata kona ya msikiti. Alipiga simu, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, akasimama pale kando ya barabara, simu sikioni, ikiita.