Steki ya Kupashwa kwa Vidole

Steki iliyolala kwenye friji haikaushwi na moto peke yake. Hukaushwa na haraka. Mpishi alikuwa amelieleza jambo hili kazini mara nyingi, kwa vijana walioamini kwamba nyama iliyokwisha kuiva haina la kufanyiwa ila kurudishiwa joto. Ukiitoa kwenye baridi na kuitupa kikaangoni, nje inakaza kabla katikati hakujapata habari za moto, na maji yaliyokuwa yamebaki ndani yanatoka yote na kuwa mvuke. Unachobaki nacho ni rangi nzuri na kazi ya meno.

Kwa hiyo Jumapili ile alizitoa steki mapema, mbili nene za kuwatosha watu watatu, akaziacha juu ya meza ya jikoni zipoteze ubaridi. Alikuwa amekuja nazo kutoka hotelini Alhamisi. Wageni walioziagiza waliondoka ghafla kabla hazijapelekwa mezani, na mpishi mkuu aliwaruhusu wapishi wagawane kilichobaki.

Mkewe aliingia jikoni akiwa bado na kitambaa cha kufutia vumbi begani. Alilichukua boksi lenye steki, akalifungua, akamsogezea usoni.

"Pitisha, Pua."

Katika nyumba ile hakuna kilichotoka kwenye friji kikaliwa kabla ya kupita chini ya pua ya mpishi. Maziwa, mchuzi wa jana, mayai yaliyopasuliwa bakulini, vyote vilipitishwa. Ilianza kama utani walipokuwa wachumba, na baada ya ndoa ikawa sheria. Jina la Pua alilipewa hotelini, siku aliposimama kwenye mlango wa stoo akasema kwamba kreti moja ya samaki imeharibika, ile ya chini kabisa, na walipozishusha zote wakamkuta yuko sahihi. Kisa hicho kilikuwa kimetiwa chumvi na kila aliyekisimulia, lakini kiini chake kilikuwa kweli.

Mpishi aliinama juu ya boksi, akavuta pumzi kwa utulivu. Hakusikia kitu. Angeweza kuwa amenusa ukuta.

"Ziko sawa," alisema.

"Nimeuliza tu kwa sababu ya umeme," mkewe alisema. "Ijumaa ulikatika mchana kutwa, na wewe ulikuwa kazini."

"Friji ikiwa haifunguliwi hutunza baridi."

"Basi sawa."

Alibaki amesimama kidogo na boksi mkononi, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, kisha akaliweka chini na kwenda kupanga meza.

Harufu zilikuwa zimemtoka tangu homa ya msimu wa baridi. Homa ilipona, kikohozi kikapona, pua haikupona. Daktari alimweleza bila kuzunguka kwamba neva zimedhurika, kwamba kwa wengine hurudi na kwa wengine hazirudi, na kwamba hakuna dawa anayoweza kumwandikia. Mpishi alimshukuru, akatoka, na hakumwambia mtu. Sababu yake ilikuwa moja na aliijua vizuri. Hotelini, mtu wa jiko la kuchomea, ambaye sasa alikuwa yeye, ndiye anayepokea nyama kwenye mlango wa nyuma kila asubuhi, na anaipokea kwa kuinusa. Kabla yake nafasi ile ilikuwa na mzee mmoja ambaye pua yake ilikufa kwa ugoro. Mzee hakufukuzwa. Alihamishiwa kwenye kumenya viazi, akawekewa kiti pembeni, na wapishi aliokuwa amewafundisha walipita mbele yake wakitazama mbele. Hakumaliza mwaka, aliacha mwenyewe.

Hivyo mpishi alikuwa ameihamishia kazi ya pua kwenye viungo vingine. Alipima kwa vidole, kwa macho, kwa saa ya ukutani. Nyama ikishuka kwenye gari aliiinamia kama zamani, akavuta pumzi, akakubali kwa kichwa, na wakati huohuo kidole gumba kilikuwa kinaiminya pembeni mahali asipoonekana. Mpaka siku hiyo, kwa kadiri alivyojua, kidole kilikuwa hakijamwangusha.

Kengele ya mlango ililia, na mara sauti ya shemeji yake ikajaa kwenye korido. Alikuwa mdogo wa mkewe, na hotelini ndiye msimamizi wa ukumbi wa chakula. Ndiye pia aliyekuwa amelipeleka jina lake kwa mpishi mkuu, miaka hiyo, na kumdhamini.

"Shemeji! Nimekuja kuona muujiza. Mimi nikipasha steki, unaweza kuivaa ukaenda nayo kazini."

"Unaipasha kwenye nini?"

"Kwenye maikrowevu, kama mtu yeyote mwenye haraka na mikono miwili."

"Basi usilalamike ikigeuka soli."

"Silalamiki. Nimekuja kula ya mwenzangu." Alichungulia ndani ya jiko. "Dada, huyu anakulipa mshahara au ni wewe unayemlipa?"

"Ananilipa kwa kelele," mkewe alisema kutoka mezani, lakini hakucheka.

Mpishi alizikausha steki kwa karatasi, pande zote mbili. Juu ya moja, vidole vilikuta utelezi mwembamba, kama wa sabuni iliyosuuzwa nusu. Alisimama. Akausugua kwa kidole gumba. Akajiambia kwamba ni mafuta yaliyoyeyuka umeme ulipokatika na kuganda tena uliporudi, jambo ambalo linawezekana. Alifuta kwa karatasi nyingine mpaka utelezi ukaisha.

Alizilaza juu ya wavu, akaweka wavu juu ya trei yenye vijiko vichache vya supu ya mifupa, akafunika kwa foili bila kuibana, na kuziingiza kwenye oveni ikiwa kwenye moto wake wa chini kabisa. Supu ilikuwa ya kutoa unyevu tu, isiguse nyama. Kisha alingoja. Alichoma kijiti cha chuma katikati ya steki moja, akakigusisha kwenye mdomo wake wa chini: bado baridi. Alingoja tena, akajaribu tena, na kijiti kilipokuwa na joto la maziwa ya mtoto alizitoa. Kikaango kilikuwa kimeshapata moto sana, na tone la mafuta ndani yake. Kila upande ulikaa kikaangoni kwa muda wa kuvuta pumzi chache tu. Alikata vipande kwa kukingamisha kisu na nyuzi za nyama, na kisu kikapita bila kubishana. Ndani palikuwa pekundu hafifu, panang'aa kwa maji yake yenyewe. Ilikuwa kazi safi. Aliitazama jinsi fundi anavyotazama kona iliyokaa sawasawa.

Walikaa mezani. Mkewe alikuwa amefungua dirisha la upande wa barabara, ingawa nje kulikuwa na upepo na mvua nyepesi.

Shemeji aliinua kipande kwa uma, akakibonyeza kwa kisu, akaona maji yakichuruzika. "Haki ya nani," alisema. "Angalia hii. Ni kama imetoka jikoni sasa hivi." Alikipeleka mdomoni. Alitafuna mara moja, mara mbili, akaacha. Alichukua kitambaa, akajifuta midomo, na kitambaa kiliporudi mezani kilikuwa kimekunjwa juu ya kitu.

"Shemeji," alisema, na utani ulikuwa umemtoka. "Hii nyama ni ipi?"

"Ya Alhamisi. Ya wale wageni walioondoka."

"Hilo najua. Inanuka."

Mkewe alidakia kabla mpishi hajajibu. "Si ni ile ya kukomazwa? Ile huwa na harufu yake. Hata ile ya mwaka jana ilikuwa hivi, nikaitupa, mkanicheka."

Ilikuwa kweli kwamba walimcheka. Mpishi alikuwa ameleta steki moja ya kukomazwa, nyama inayoachwa wiki kadhaa kwenye kabati la baridi kavu mpaka inalainika na kupata harufu nzito, na mkewe akaitia kwenye pipa la taka kwa nia njema kabisa. Mpishi alikisimulia kisa hicho mbele ya wageni, kisha hotelini, kisha tena mbele ya wageni. Tangu hapo mkewe hakuwa amesema neno juu ya harufu ya nyama yoyote.

Mpishi aliona mlango aliofunguliwa. "Ya kukomazwa huwa na harufu," alisema.

Kwa maana ya maneno, hakuwa amesema uongo.

Shemeji alimtazama mpishi. "Dada," alisema bila kuyaondoa macho kwake, "kabati la kukomazia liko kwa fundi. Mwezi mzima sasa. Mimi ndiye niliyeitoa hiyo nyama kwenye menyu, na huyu ndiye aliyekuja kuniambia niitoe."

Gari lilipita barabarani likirusha maji.

"Labda kilibaki kipande," mkewe alisema.

"Nyama haibaki mwezi, dada. Shemeji, hebu inuse."

Mpishi alikiinua kipande, akakisogeza puani, akavuta pumzi. Alijua kwamba jibu lolote atakalotoa litakuwa la kubahatisha, na kwamba anayemuuliza amefanya kazi miaka kumi kati ya jiko na ukumbi.

"Ina harufu kidogo ya mafuta," alisema. "Ya kikaango."

"Mafuta ya kikaango."

"Kidogo."

Shemeji alisukuma sahani mbele, polepole. "Yule mama wa meza ya dirishani, wiki iliyopita. Alirudisha sahani, akasema siagi imechacha. Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, mama, jikoni kwetu kuna mtu ambaye kitu kilichochacha hakiwezi kumpita. Nilisema huku natabasamu. Alitaka kulia, yule mama. Alidhani ni yeye ana kasoro."

"Mgeni mmoja hawezi kuwa kipimo," mpishi alisema.

"Na mimi? Mimi ni kipimo?"

Hapo mkewe alikata kipande kikubwa kuliko vyote vilivyokuwa kwenye sahani yake, akakitia mdomoni.

"Dada!"

"Mimi naona iko sawa," mkewe alisema akitafuna. "Mume wangu amesema iko sawa."

"Wewe huna pua?"

"Ninayo. Iko sawa."

Hakuwa anamtazama mdogo wake. Alikuwa anamtazama mpishi, na macho yake hayakuwa na ubishi wala imani. Mpishi aliona kwamba amekwisha kuelewa, pengine muda mfupi tu uliopita, pengine tangu asubuhi, na kwamba alikuwa tayari kumeza kile kipande, na kinachofuata, mpaka sahani iishe na mdogo wake akose la kupeleka hotelini. Nyama ilikuwa laini. Haikumpa taabu yoyote ya kutafuna. Hilo lilikuwa limefanywa vizuri.

Mkewe aliacha kutafuna, akafumba macho ili ameze.

Mpishi alinyosha mkono juu ya meza, akauweka kiganja wazi chini ya kidevu chake.

"Tema."

Mkewe alitikisa kichwa kukataa.

"Tema, mke wangu. Sisikii harufu. Sisikii harufu ya kitu chochote."

Mkewe alitema kwenye kiganja cha mumewe. Kisha akasimama, akaenda bafuni, na wakasikia maji yakifunguliwa na, chini ya sauti ya maji, akijilazimisha kutapika.

"Tangu lini?" shemeji aliuliza.

"Tangu ile homa."

"Ile ya baridi? Na nyama ulikuwa unapokea?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa vidole."

"Sijauliza kwa kitu gani, nimeuliza kwa sababu gani." Sauti yake ilipanda, akaishusha mwenyewe. "Shemeji, pale wanakula watoto. Wanakula wagonjwa. Kuna gesi. Ingevuja ungejua vipi?"

Swali hilo mpishi alikuwa amejiuliza. Jibu lake lilikuwa kwamba asingejua.

"Nitamwambia mpishi mkuu mwenyewe," alisema. "Kesho, kabla gari la nyama halijafika."

"Leo," shemeji alisema. Tayari alikuwa ameshika simu. "Na nitamwambia mimi. Si kwamba nakuchukia. Nimekudhamini kwa mdomo wangu, nitakuondoa kwa mdomo wangu." Alitoka akaenda kwenye korido, akaurudisha mlango.

Mpishi alikwenda kwenye sinki, akatupa kilichokuwa kiganjani, akanawa kwa sabuni, akanawa tena. Kupitia mlangoni alisikia maneno machache yaliyotengana: homa, hapana, hajaniambia, jiko la kuchomea, ndiyo, atakubali. Hakukuwa na hasira katika maneno hayo. Shemeji alitoa taarifa jinsi taarifa inavyopaswa kutolewa.

Mkewe alirudi uso ukiwa umelowa. Alizikusanya sahani tatu, akamimina nyama yote kwenye mfuko, akaufunga mafundo mawili.

"Nilisikia asubuhi," alisema. "Nilipofungua boksi. Nikafikiri ni mimi."

"Ungesema."

"Ningekuambia wewe?"

Hakungoja jibu. Aliupeleka mfuko nje, akarudi, akaanza kufungua madirisha, la jikoni, la chumbani, lile dogo la juu ya mlango ambalo huwa halifunguliwi na likamkatalia kwanza. Upepo uliingia na mvua yake ukalowesha pazia. Mpishi alisimama katikati ya chumba, mikono ikiwa bado inadondosha maji, na kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya kujua, alilazimika kumuuliza.

"Bado ipo?"

Mkewe aligeuza uso kuelekea jikoni, akavuta pumzi.

"Bado," alisema.