Mikongojo Ukutani

Maumivu yalianzia kiunoni, yakateremka pajani kama maji ya moto, yakafika kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia na kupiga kambi. Mguu huo ndio uliosukuma kanyagio la cherehani, na cherehani ndiyo iliyomlisha fundi huyu tangu mumewe atangulie mbele ya haki. Sasa kidole kilikuwa kimekufa ganzi, na kazi ilikuwa njiani kukifuata.

Hospitali walimwambia kisahani cha katikati ya mifupa ya mgongo kimetokeza, kinabana mshipa wa fahamu. Binti mmoja wa tiba ya viungo, mwenye vidole imara, alimlaza kifudifudi, akamkandamiza kiuno polepole, akiuliza kila mara, "Sasa yako wapi, mama?" Kisha akampa kazi ya nyumbani: alale vilevile, ainue kifua kwa mikono, kiuno kibaki chini, mara kumi, kila baada ya saa mbili.

"Yakitoka mguuni yakapanda mgongoni, usiogope, yanarudi kwao. Yakizidi kushuka, acha, uje. Na mtu asikuzungushe kiuno kwa ghafla."

Wiki ya pili wifi yake alimkuta sakafuni.

"Wifi, umekuwa mjusi?"

"Ndivyo nilivyoagizwa."

"Mashine zote zile, wamekupa umjusi. Twende kwa Mnyooshaji wa migongo. Anakuvunja mara moja tu, unasikia *ta*, unatembea."

"Akinivunja nitatembeaje?"

"Acha ubishi. Kaka yangu angekuwa hai angeshakupeleka."

Marehemu akishaitwa shahidi, nani atabisha? Akaenda.

Ukuta wa Mnyooshaji ulijaa mikongojo, kila mmoja na msumari wake. Aliyevunjwa alitundika wake, akatembea mikono mitupu mpaka nje, na benchi zima likampigia makofi. Makofi yalingoja ule mlio. Mgongo usiolia ulirudishwa mkekani mpaka ulie.

Fundi alikaa dirishani, na macho hayana pazia. Mwashi mmoja alivunjwa, *ta*, akatundika, akashangiliwa. Alipopita kona tu, alishika ukuta, na mkewe akamtolea mkongojo mwingine kutoka kwapani.

"Wifi, umeona?"

"Nimeona muujiza. Wewe umeona nini?"

"Mkongojo wa pili."

"Ushonaji umekuharibu. Kila kitu unatafuta mshono."

Mbele yake kwenye foleni alibaki dereva wa lori, pande la mtu. Mnyooshaji alimkumbatia kwa nyuma, akamnyanyua, akamtikisa. *Ta*. Makofi yakavuma, wifi akasimama kabisa.

"Si mimi," dereva akasema.

Makofi yakafa mojamoja. Mnyooshaji alikuwa bado ameinama, kama anayetafuta sindano. Mkono wake ukapapasa ukuta, ukashusha mkongojo.

"Huo wa mjomba wangu," mtu akasema benchini.

"Nitaurudisha," Mnyooshaji akanong'ona. "Mguu unawaka mpaka kidoleni."

"Zamu ilikuwa yangu, nimekuachia," fundi akamwambia. "Lala kifudifudi, baba. Kesho nenda hospitali, kuna binti pale. Na mtu asikuvunje."

Nyumbani alishuka sakafuni. Wifi alisimama mlangoni.

"Sasa yako wapi?" akauliza.

"Yamefika gotini. Yanapanda."

Mwezi haukuisha, aliweka mguu kwenye kanyagio na kidole kikahisi ubaridi wa chuma. Alimshukuru Mungu kimyakimya, akasukuma. Alikuwa katikati ya pindo wifi alipoingia na habari.

"Mnyooshaji amefungua tena. Ule msumari mtupu anawaonyesha watu, anasema yeye mwenyewe alipona mpaka mkongojo ukatoweka. Watu wamejaa mpaka barabarani."

Fundi alikata uzi kwa meno.

"Na yule mjomba wa watu, mwenye mkongojo," akasema, "siku hizi anatembelea nini?"