Ua la Buluu la Mama Inderjit

Uzi wa mwisho wa buluu ulikuwa mkaidi. Waithera aliuinua kwa ncha ya sindano, akauvuta polepole usije ukararua kitambaa, akauweka pamoja na wenzake juu ya kifuniko cha kopo. Pale palipokuwa na ua pakabaki vitundu vitupu, tayari kwa uzi wa rangi ya chungwa kama maua mengine yote.

"Mathe, si ungemuuliza kwanza?" Ciru, bintiye, alisema kutoka mlangoni huku akichambua maharagwe.

"Nimuulize nini? Mtu ana mtoto wa jicho. Alishika uzi wa buluu akidhani ni wa chungwa. Nimwaibishe?"

Alisema hivyo, lakini hakutulia. Aliinuka akaweka chai jikoni, akairudia sindano, akainuka tena akaitoa chai kabla haijachemka.

Kitambaa kilikuwa cha Mama Inderjit wa Bungoma, ambaye mjukuu wake Ramandeep angejitanda kitambaa hicho akiolewa Jumapili. Bibi yule alikuwa amekitia maua kwa miaka kumi na mmoja, mpaka mikono ikaanza kutetemeka. Wasichana wa nyumbani kwake hawakujua hata kushona kifungo. Ndipo aliposikia, katika duka moja la nguo, kwamba Kitale kuna mama anayeshonea nyumbani vitambaa vya makochi visivyo na doa. Alikuja Jumamosi tatu kumfunza. "Geuza. Shona huku nyuma. Mbele hapana tazama." Waithera alihesabu nyuzi za kitambaa midomo ikicheza, kama marehemu mama yake alivyohesabu akisuka vyondo. Kila alipokigeuza, moyo ulimruka kama wa mtu anayefunua sufuria akakuta wali umeiva bila kuungua.

Gari lilipiga honi langoni. Mama Inderjit aliingia akishikwa mkono na mwanawe, Sukhwinder.

"Waithera, mama, habari? Nakuja kuona kazi."

"Nzuri, Mama. Karibu, keti."

Hakuketi, wala hakutazama. Alipitisha vidole juu ya maua, safu kwa safu, akitabasamu. Vidole vikafika karibu na pindo, vikasimama. Vikarudi nyuma, vikaenda tena.

"Iko wapi ya buluu?"

Waithera alikiangalia kile kifuniko cha kopo. Angeweza kusingizia panya, angeweza kusingizia maji.

"Nimelifumua, Mama. Nilidhani ni makosa."

"Makosa, ndiyo! Mimi naweka makosa kwa mkono yangu! Sisi, nguo ya bibi arusi hapana kamili. Ikiwa kamili, jicho ya watu nashika yeye. Ikiwa na kosa moja, jicho naangukia kosa, bibi arusi napita salama. Mama yangu naweka moja kwa nguo yangu, siku nakuja Kenya."

"Mama, si ni ua tu bana," Sukhwinder alisema.

"Nyamaza! Wewe nauza misumari. Jua nini?"

Bibi alichukua uzi mmoja wa buluu, akaomba sindano. Akajaribu kuutunga. Mara ya kwanza, ya pili, ya nne. Uzi ukakataa kuingia. Akaiweka sindano mezani. Waithera alitamani sakafu immeze.

"Basi wewe," bibi akasema.

"Nitalirudisha palepale, Mama. Nilihesabu kabla ya kufumua, nyuzi arobaini na mbili kutoka kwenye pindo."

"Hapana palepale. Ile ilikuwa kosa yangu. Weka yako. Na hapana hesabu."

"Lakini mimi sijui kushona bila kuhesabu."

"Mimi pia. Hiyo moja nachukua miezi mbili." Akaushika mkono wa mwanawe. "Wewe iko na mpaka kesho saa kumi. Sukhi atakuja kuchukua."

Gari likaondoka. Waithera alikizunguka kitambaa kilichotandazwa mezani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alichoma sindano pembeni. Alipogundua, kidole kilikuwa kimeshahesabu nyuzi tano, tano, tano, na petali lilikuwa limenyooka kama mstari wa daftari. Akafumua. Akajaribu katikati akiimba wimbo wa kanisani ili asihesabu, akajikuta anahesabu kwa mapigo ya wimbo. Akafumua.

"Ati kukosea kumekushinda?" Ciru alicheka. "Na chapati za Jumapili ulikosea bila kufunzwa!"

"Nyamaza, msichana. Hizo ziliiva."

"Ziliiva upande mmoja, mathe."

Waithera alicheka pia, lakini mguu wake haukuacha kugonga sakafu. Kutoka Mlima Elgon mawingu yalishuka, na chumba kikafifia kabla ya saa kumi na mbili. Aliivuta meza karibu na dirisha, akachoma sindano mara moja, akaitazama. Midomo ikaanza: moja, mbili. Akaichomoa upesi.

Ciru alikuja kuandaa meza.

"Nikikunje kitambaa?"

"Usikiguse. Tutakula tukiwa tumepakata sahani."

Alitia uzi mpya wa buluu, akaichomeka sindano kwenye mkono wa kochi, karibu, mahali atakapoiona asubuhi ajaribu tena.