Neno Moja Ndani ya Kifumbu

Kicheko kilinifikia kwanza, nikiwa nyuma ya ukuta wa darasa pale Konde, Pemba. Kicheko cha wanawake wengi. Kilinichoma, nikidhani mwalimu ndiye anayechekwa.

Ndani, mke wangu Nadhira alikuwa akitoa somo la majaribio la Kiingereza kwa wanawake wanaotafuta kazi za hoteli kule Makangale. Akipita, Mwalim Hafiz, mwenye kituo, atamwajiri. Asipopita, atarudi kwenye kazi yake Unguja, nami nitabaki na ndoa ya simu. Nilimtungia shairi la kufungulia somo, akalikataa. "Mashairi yako hayapigi pasi, Ishak. Na usije."

Nikaja. Nikachungulia dirishani.

Ubaoni palikuwa na neno moja: press. Mwalim Hafiz alikaa pembeni, kakunja uso.

"Mwalimu," alisema Bi Mize, mwanamke wa sauti kubwa, "juzi tuliambiwa hilo ni kupiga pasi. Leo wewe wasema ni kubonyeza kengele, tena ni magazeti. Utatutia wazimu!"

Wakacheka tena. Nusura niingie niwatolee maneno. Nadhira akaniwahi. Alichukua kifumbu kipya kikapuni mwa Bi Mize, akakishika kama kimejaa nazi iliyokunwa.

"Nikikiminya hiki, kinatoka nini?"

"Tui!"

"Basi neno lilianzia hapo. Warumi walikuwa nalo katika Kilatini chao, maana yake kuminya, kukandamiza. Likapita kwa Wafaransa, likafika kwa Waingereza. Zabibu zikiminywa, ni neno hilo. Karatasi ilipokandamizwa juu ya wino, magazeti yakalichukua. Pasi inakandamiza nguo, kidole kinakandamiza kengele."

"Kumbe Mzungu mvivu!" akasema Bi Mize. "Sisi kila kazi na neno lake, yeye katia vyote chungu kimoja. Na mume wangu anayeniganda kila jioni nimpe ya kahawa?"

"Huyo naye anakuminya: press!" Nadhira akajibu.

Darasa likaangua kicheko. "Press! Press!" Mwalim Hafiz aliuma mdomo, akashindwa, akacheka. "Jumatatu uanze kazi, Mwalimu," akamwambia.

Nikakaa mchangani. Nadhira aliponikuta hapo hakugomba. Aliketi karibu yangu, akashusha pumzi.

"Sirudi Unguja," akasema.

"Hurudi," nikamjibu. "Jumamosi napanda boti mwenyewe. Nakuahidi, Nadhira, nitakuletea kila kitu chako kilichobaki kule, hata kile kitanda cha bibi yako."